Maneno ya Nyuma ya Lori

Nasri Abdulmajidi alikuwa anasugua kutu kwenye mlango wa lori pale Shelui, upande wa barabara kuu ambako madereva husimama kula, alipomwona mwanamke kijana akija moja kwa moja kwake, akikanyaga oili iliyomwagika bila kujali viatu vyake. Begani alikuwa na mfuko wa kitenge uliotuna.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gari lako lipi?"

"Sina gari. Mimi ni mwalimu Editha, nafundisha darasa la tatu hapo shuleni. Nimekuja kukuomba niandike kitabu juu yako."

Jirani yake alikuwa anachomelea chuma, na Nasri akadhani kelele zimemfanya asikie vibaya. Akaweka msasa chini. Mwalimu akarudia maneno yaleyale, polepole, kisha akakaa juu ya tairi kuukuu na kuufungua mfuko. Akatoa vitabu vyembamba vya watoto vyenye picha kubwa. Kila kimoja kilisimulia maisha ya mtu aliyependa maneno. Yupo mama aliyezunguka vijijini akikusanya hadithi, yupo bwana aliyetumia ujana wake kutunga kamusi, yupo msichana aliyekuwa na kigugumizi hadi alipogundua kwamba akiimba hakikwami kitu.

"Watoto wanavipenda," alisema Editha. "Lakini kila nikimaliza kusoma, wananiuliza swali moja. Mwalimu, huyu anakaa wapi? Nikisema mbali, hamu inawaisha palepale. Wiki iliyopita nikawageuzia swali, nani kati yenu anamjua mtu anayependa maneno? Nusu ya darasa wakasema fundi Nasri."

"Watoto wa siku hizi hawajaona hata usemi mmoja niliouandika nyuma ya lori."

"Baba zao wamewasimulia. Wanasema zamani dereva akija kwako kuandikiwa, ulikuwa unamhoji kama polisi."

Nasri akacheka. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka akiwa kazini. Hata hivyo alitikisa kichwa. "Mwalimu, watoto waandikie watu wa maana."

Editha hakubisha. Alirudisha vitabu mfukoni, akaaga kwa heshima, na kesho yake baada ya masomo akarudi na kukaa juu ya tairi lilelile.

Ndivyo Nasri alivyoanza kusimulia, mwanzoni ili mwalimu aondoke, baadaye kwa sababu alijikuta anapenda kusimulia.

Alizaliwa Singida mjini, nyumba ya nyuma ya soko. Baba yake alikuwa mtu wa Pangani aliyepanda bara na mitumba ya nguo akauza na kubaki. Mama yake alikuwa Mnyiramba wa upande wa Kiomboi. Nyumbani maneno yalikuwa yanagongana kutwa nzima. Baba akiomba bilauri, mama anasema glasi, na shangazi aliyekuja kutembea anatumia neno la Kinyiramba, na wote watatu wananyoosha mkono kwenye kitu kimoja. Nasri mdogo alikuwa anakaa katikati yao akiwasikiliza kama watu wengine wanavyotazama mpira.

Kilichomchanganya kuliko vyote kilining'inia kwenye msumari jikoni. Kilikuwa kiti kidogo cha mbao chenye ulimi wa chuma, kimetoka Pangani pamoja na baba. Baba alikiita mbuzi. Nasri alitoka nje, akawatazama mbuzi wa jirani wakitafuna boksi, akarudi ndani.

"Baba, mbona huyu hali?"

Baba akamweka magotini. Akamweleza kwamba kule kwao kuna tunda linaitwa nazi, na ndani yake mna nyama nyeupe, na hii mbuzi kazi yake ni kukuna nazi. Singida nazi zilikuwa haba, kwa hiyo mbuzi ile ilikaa msumarini miaka mingi bila kuguswa. "Sasa kwa nini wameiita mbuzi?" aliuliza mtoto. Baba akafikiri, kisha akasema neno ambalo Nasri hakulisahau. "Sijui, mwanangu. Mtu fulani aliiangalia akaona mbuzi. Sisi wengine tukakubali."

Nasri aliwaza sana juu ya huyo mtu fulani. Alimwona rohoni, amekaa barazani, anaitazama kazi ya seremala, na neno linamjia. Tangu siku hiyo kila neno alilolisikia alitaka kujua ni nani aliyeanza kulisema na alikuwa anatazama nini.

Alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa kuendelea. Baba alimpeleka kwa fundi Filipo, aliyekuwa anaandika mabango ya maduka pale mjini. Filipo alikuwa mtu mkali na mwenye mkono safi. Alimfundisha kupiga mistari kwa chaki na uzi, kushika pumzi wakati brashi inageuka kwenye S na K, na kutoogopa nafasi tupu baina ya herufi. Waliandika majina ya saluni na bucha, waliandika makatazo ya kukojoa kwenye kuta. Nasri akaijua kazi, lakini maneno yenyewe yalimchosha. Bango la bucha linasema bucha, basi.

Siku moja walikwenda Shelui kuandika ubao wa nyumba ya wageni. Wakiwa juu ya ngazi, msururu wa malori ukapita ukielekea Nzega, na nyuma ya kila lori pameandikwa kitu. Tutaonana Mbele. Usinihesabu. Mama Nakumbuka. Nasri akasahau brashi mkononi, rangi ikamwagikia suruali ya Filipo. Yale yalikuwa maneno ambayo mtu aliyachagua mwenyewe akayatuma barabarani yasomwe na yeyote anayemfuata. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amehamia Shelui.

Hapo ndipo alipopata jina. Dereva akija na kusema niandikie neno kali, Nasri hakushika brashi. Alimletea kigoda. "Unamwambia nani?" alimuuliza. Wengi walishangaa. Hawakuwa wamefikiri kwamba wanamwambia mtu. "Yupo tu," Nasri aliwaambia, "kaa ukumbuke." Wengine walikasirika wakaenda zao. Waliobaki walikunywa chai, wakazunguka, mwishowe wakataja. Mmoja alikuwa anamwambia mjomba aliyemtabiria kwamba hatafika popote. Mwingine mwanamke wa Kahama aliyeolewa na mtu mwingine. Akishajua anayeambiwa, Nasri aliweza kutafuta neno, na mara nyingi likawa dogo kuliko lile dereva alilokuja nalo. Maneno yake yakafika Kigali na Bujumbura na Bukavu. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Nzega.

Editha alichora kila alichosimuliwa. Alikuwa akija na karatasi za manila, anazitandaza juu ya boneti la gari bovu, na Nasri anakagua kama anayekagua kazi ya mwanafunzi.

"Mbuzi yako haina meno," alimwambia. "Huu ulimi wa chuma una meno pembeni, madogo. Bila meno nazi itakunwa na nini?"

"Sijawahi kuiona, baba. Mimi wa Kilimatinde, nako hakuna nazi."

Nasri akachukua msumari, akaichora kwenye vumbi la boneti. Editha akafuta, akachora upya. Picha ya mtoto Nasri akimtazama mbuzi wa mbao kwa mashaka ilitoka nzuri hata fundi wa kuchomelea akaacha moto akaja kuitazama. Nasri aliendelea kuitazama wengine walipokwisha kuondoka. Alijisikia ajabu kuona kwamba yule mtoto alikuwepo kweli, na kwamba mtu mwingine sasa anamjua.

Ukabaki ukurasa wa mwisho.

"Hapa," alisema Editha, "nataka kueleza kwa nini uliacha. Maana sasa unapaka rangi tu, na namba, na majina ya kampuni. Maneno huandiki."

Nasri akachukua msasa. "Stika za kompyuta zimekuja. Na fundi amezeeka. Andika hivyo."

Editha akaandika hivyo. Alipouleta ukurasa, ulimwonyesha mzee mwenye mvi anatabasamu, amekaa kivulini, na chini yake maneno yasemayo kwamba fundi Nasri sasa anapumzika. Rangi zilikuwa za kupendeza. Nasri akausifu, akaagana na mwalimu aliyemwachia kurasa zote, akarudi kwenye kazi yake, kisha akazifungua tena. Alimtazama yule mtoto na mbuzi yake kwenye ukurasa wa kwanza, aliyekuwa anauliza maswali bila kuogopa jibu, kisha akamtazama mzee huyu anayetabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi, alikuwa ameruhusu jambo liandikwe bila kuuliza linaambiwa nani. Lilikuwa linaambiwa watoto.

Akanawa mikono kwa petroli na sabuni, akaenda shuleni. Alimkuta Editha anasahihisha madaftari chini ya ukuta wa darasa.

"Ule ukurasa utoe," alisema. "Ni uongo."

Kisha akamweleza habari ya Antipasi.

Antipasi alikuwa dereva wa Mungaa, kule Ikungi, rafiki wa Nasri tangu enzi za Filipo. Aliendesha malori ya matajiri miaka mingi, mpaka akafanikiwa kununua Fuso lake mwenyewe, chakavu lakini lake. Akalileta Shelui kabla hata ya kulipeleka kwao. Nasri akamwekea kigoda akamuuliza swali lake. Antipasi hakufikiri hata kidogo. Alikuwa anamwambia Sara, mkewe. Kila safari, popote alipozima gari, alimpigia simu na kusema neno moja, Sara anajibu haya, simu inakatwa. Neno lenyewe lilikuwa nimefika. Nasri akaliandika nyuma ya lori kwa herufi kubwa, NIMEFIKA, na kivuli chembamba chini yake. Ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote.

Haukupita muda, Fuso likafeli breki likishuka mlima Sekenke, Antipasi akafa.

Watu waliokwenda kutazama walikuta lori limelala ubavu, na nyuma neno linasomeka wazi, halina hata mchubuko. Kufikia jioni Shelui nzima ilikuwa na usemi mmoja. Kwenye meza za mama lishe, kwenye vijiwe vya bodaboda, walisema kwamba mtu haandiki amefika kabla hajaondoka, na kwamba neno limemwita. Nasri alikuwa anakula aliposikia. Aliweka tonge sahanini akaondoka. Msibani alikwenda, akasimama nyuma kabisa, na baada ya mazishi akapanda basi bila kumpa Sara mkono. Hakuandika tena neno lolote kwenye gari la mtu.

Editha alikuwa ameacha kusahihisha. Watoto waliobaki uwanjani walikuwa wanapigana chenga.

"Habari hii si yangu na yako tu," alisema Editha. "Mama huyu yuko hai?"

"Yuko Mungaa."

"Basi twende tukamwombe. Akikataa, kitabu kinaishia ulipokuwa kijana, na sitaandika kwamba umepumzika."

Jumamosi walipanda basi hadi Singida mjini, wakabadilisha la kwenda Ikungi. Walimkuta Sara uani anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, mbegu zinarukia turubai. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alipomwona Nasri alisimama na fimbo mkononi, akatazama, kisha akaingia ndani akatoka na viti.

Hakuruhusu mtu aseme shida yake kabla ya kula. Alisonga ugali wa mtama, akawawekea na mlenda, akawanawisha. Walipomaliza, Editha akamwonyesha kurasa moja baada ya nyingine, akamweleza alichokuja kuomba. Sara akasikiliza huku anatazama mikono yake. Editha aliponyamaza, Nasri akaanza, "Shemeji, kama nisingeliandika neno lile..."

"Ngoja, shemeji," Sara akamkata. "Mimi ndiye niliyekaa na hili, niache niseme. Watu wote wa Shelui walikuja kunipa pole. Wewe uliondoka bila hata kunipa mkono. Nikasema ana uchungu, atakuja. Mwezi ukaisha, mwaka ukaisha. Kisha nikasikia umeacha kuandika. Unajua watu walisema nini ulipoacha?"

Nasri akatikisa kichwa.

"Walisema, mnaona? Hata fundi mwenyewe amekubali. Mpaka hapo ulikuwa umbea wa vijiweni, ungekufa wenyewe. Wewe ndiye uliyeutia nguvu." Sauti yake haikupanda. "Neno lile lilikuwa langu. Alinipa mimi. Mume wangu hakuwa mtu wa maneno, hilo moja ndilo aliloweza, na akataka dunia yote ilisome. Halafu mkalichukua, mkalifanya la mauti. Nikisikia mtu anasema nimefika, hata mtoto anayetoka dukani, natetemeka. Mimi, niliyekuwa nalisubiri kila siku kando ya simu!"

Hapo akalia. Nasri akainamisha kichwa. Miaka yote hiyo aliamini kwamba kwa kunyamaza alikuwa anamheshimu marehemu. Hakuwahi kufikiri kwamba ukimya nao unasomwa, na kwamba yuko mtu aliyekuwa anausoma kila siku. Akatafuta la kusema. Yaliyomjia yote yalikuwa makubwa mno.

"Nisamehe, shemeji," alisema.

Sara akajifuta kwa ncha ya kanga. Akavuta zile karatasi akazitazama upya kuanzia mwanzo, akakaa kidogo kwenye picha ya mbuzi. Halafu akamgeukia Editha. "Chora. Lakini gari lisianguke. Watoto wangu wataliona. Lichore linapanda mlima, limetugeuzia mgongo, na neno lake lionekane. Na jina la baba yao liandike. Mpaka leo wameliona kwenye msalaba tu."

"Picha nitachora, mama," alisema Editha. "Herufi siwezi kuzipatia."

Wote wawili wakamtazama Nasri.

Aliandika hapohapo uani, karatasi ikiwa juu ya ubao wa kukatia mboga, kwa brashi ndogo ya mwalimu ambayo haikuzoea vidole vyake. Herufi ya kwanza ilitoka nene mno. Ya pili ikawa afadhali. Alipofika kwenye K akashika pumzi jinsi alivyofundishwa, na Sara, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akashika yake pia. Mwisho akavuta kivuli chembamba chini ya neno. Kuku walikuwa wanaiba mbegu za alizeti na hakuna aliyewafukuza.

Shuleni mwalimu mkuu, Marko, alikisoma kitabu mara mbili. Alikuwa mtu mwema mwenye hofu nyingi. "Kifo, mwalimu Editha? Kwa darasa la tatu?" Editha akamjibu kwamba wengi wa watoto hawa baba zao wako barabarani, na hofu hiyo wanayo tayari, ila hawana pa kuiweka. Marko akakubali kwa sharti kwamba fundi mwenyewe awepo.

Basi Nasri akakaa mbele ya darasa kwenye kiti kilichokuwa kidogo kwake, amevaa kanzu ya Ijumaa, wakati Editha anakisoma kitabu kwa sauti. Watoto walicheka kwenye mbuzi. Walicheka zaidi kwenye suruali ya Filipo. Ulipofika ukurasa wa Antipasi wakatulia. Editha alisoma maneno machache tu, kwamba siku moja breki za gari lile zilikataa, dereva akafa, na watu wakalilaumu neno, na fundi akaogopa kuandika.

Mkono wa kwanza ulionyooshwa ulitaka kujua alitumia rangi ya kopo au ya kupuliza. Wa pili ulitaka kujua kama anaweza kuandika jina la timu. Kisha msichana aliyekaa dirishani, Anifa, ambaye baba yake alikuwa njiani kutoka Kahama, akauliza, "Babu, sasa hilo neno lilikuwa baya au zuri?"

Nasri akafikiri. Zamani angesema sijui, kama baba yake alivyomwambia, na lingekuwa jibu la kweli. Lakini mtoto huyu alikuwa anauliza kitu kingine.

"Zuri," alisema. "Alikuwa anamwambia mkewe kwamba amefika salama, asiwe na hofu. Gari ndilo lililoharibika. Mimi nilichanganya vitu hivyo viwili, na nilikuwa mtu mzima."

Anifa akaridhika, akaanza kuchora kwenye daftari lake.

Nasri amerudi kuandika. Siyo sana, maana madereva wengi wanapenda stika na mkono wake hauna mwendo wa zamani, ila wapo wanaokuja, na kigoda kipo. Kitabu kimeshikwa na watoto wengi hata pembe zake zimeliwa, Editha anaziziba kwa gundi ya karatasi. Kwa kitabu kijacho mwalimu anakwenda Manyoni kila likizo kwa mwanamke anayetafsiri mahubiri ya kanisani kwa Kigogo, anayeweza kusimamisha ibada nzima kwa sababu ya neno moja lisilokaa sawa.

Sara aliomba nakala. Mjini hawakuwa na mashine ya rangi siku hiyo, ikatoka nyeusi na nyeupe, naye akawapa watoto wake penseli za rangi waimalizie. Nasri alipokwenda Mungaa msimu wa mavuno, safari hii peke yake, binti mdogo wa Antipasi alimletea aone. Fuso lilikuwa la bluu. Mtoto alilipaka kijani kibichi, magurudumu manjano, na mlima mzima zambarau. Nasri akafungua mdomo amrekebishe.

"Muache, shemeji," alisema Sara kutoka jikoni.

Akamwacha. Mtoto akakaa karibu naye kwenye mkeka, akaweka kidole kwenye jina la baba yake, akaanza kulisoma silabi kwa silabi.